Salamu za Pasaka na za Majira ya Kuchipua kutoka Loji Yetu ya Dorchester

Ndugu zangu wa loji, wake zenu na watoto wenu, wajane wa ndugu zetu waliotangulia mbele ya haki, na marafiki wote mnaosoma Kiswahili hapa Massachusetts na kwingineko,

Nawasalimu kwa heshima na upendo katika sikukuu hii ya Pasaka ya mwaka 2026. Ndugu zetu Waislamu walimaliza mfungo wa Ramadhani na kusherehekea Idi yapata wiki mbili zilizopita, nami natumaini kwamba hatujachelewa kuwaambia Idi Mubaraka. Loji, yaani tawi la udugu wa Frimasoni, haimwulizi mtu anasali wapi. Humwuliza kama anamwamini Mungu, na akishajibu hilo hukaa na wenzake. Ndiyo maana mwaka huu tumefuturu pamoja na tumefunga Kwaresima pamoja, na sijaona hata mmoja aliyeona ajabu.

Kwetu pwani huu ni wakati wa masika, na anayeniandikia kutoka Tanga hunieleza habari za mvua. Hapa Boston wakati huu theluji ya mwisho, iliyorundikwa pembeni mwa maegesho ya magari ikawa nyeusi kwa vumbi, huyeyuka na kuondoka kimyakimya, na vichaka vyenye maua ya manjano huchanua kabla havijatoa hata jani moja. Mgeni aliyekulia kwenye joto huona miti yote imekufa kuanzia Novemba, na mwaka wake wa kwanza hawezi kuamini kwamba itafufuka. Mimi nilikuwa mgeni wa namna hiyo, na hadi leo kila Aprili nasimama dirishani kuyatazama machipukizi kwenye matawi kama mtu anayehakikisha habari aliyosimuliwa.

Majira ya baridi yaliyopita hayakutuacha salama. Mwezi Februari tulimzika ndugu yetu mzee, aliyeendesha basi la mji kwa miaka mingi na aliyekuwa wa kwanza kufika ukumbini ili awashe taa na kupanga viti. Jina lake silitaji hapa kwa sababu familia imependa matanga yawe ya wenyewe. Walioweza kufika wanakumbuka jinsi aproni yake nyeupe ya loji ilivyolazwa juu ya jeneza, na jinsi tulivyopita mmoja mmoja, kila mtu akidondosha kijiti kibichi cha msonobari. Nilipofika mimi, kijiti kilinata kwenye glavu kwa utomvu, ikanibidi nikibandue kwa mkono wa pili, na harufu yake ilikaa kwenye glavu hizo hadi mwezi Machi. Katika mapokeo ya Frimasoni, mti wa asili wa ibada hiyo ni mgunga, mti ambao sisi wa Afrika Mashariki tumekuwa tukichunga mbuzi chini yake bila kujua kwamba watu wa mbali wameufanya alama ya roho isiyokufa. Mahali usipoota mgunga, tawi lolote lisilopukutisha majani hutosha.

Nimeanza na mazishi katika salamu za sikukuu, na sababu ninayo. Sababu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike waraka huu kwa urefu.

Tarehe 6 Machi 1775 wanaume 15 Weusi walio huru, Prince Hall akiwa miongoni mwao, walipokewa katika Frimasoni hapa Boston na loji Na. 441, loji ya kijeshi iliyokuwa chini ya Ireland na ambayo watu wake walikuwa askari wa jeshi la Uingereza. Prince Hall, ambaye jina lake hubebwa na Loji Kuu yetu, yaani chombo kinachosimamia loji zetu, alikuwa fundi wa ngozi. Wiki sita baadaye vita vya uhuru wa Marekani vikaanza jirani tu na mji, na mwezi Machi wa mwaka uliofuata jeshi la Uingereza likaondoka Boston kwa meli. Wale 15 wakabaki na kibali chembamba. Waliruhusiwa kukutana, waliruhusiwa kuandamana katika sikukuu ya Mtakatifu Yohana, na waliruhusiwa kuzika wafu wao kwa taratibu za loji. Kupokea mtu mpya hawakuruhusiwa. Kwa hiyo, kwa miaka kadhaa, udugu wao wote mbele ya macho ya watu ulikuwa mambo mawili tu, yaani kutembea pamoja na kuzikana.

Naomba tulitazame jambo hilo taratibu. Sisi tulio na ukumbi, na jiko, na mashine ya kutoa nakala, na simu yenye kundi la ujumbe linalolia usiku kucha, tukiondolewa vyote hivyo tukaachiwa haki ya kutembea pamoja na haki ya kuzikana, je, tungeendelea kuwa loji? Wao waliendelea. Mwezi Machi 1784 Prince Hall aliandika London kuomba hati kamili ya kuwa loji. Hati ilitolewa tarehe 29 Septemba mwaka huo huo kwa jina la African Lodge Na. 459, lakini ilikawia njiani, na haikufika Boston hadi tarehe 29 Aprili 1787, ikaletwa na nahodha wa meli. Ukihesabu tangu Machi ile ya 1775, ni miaka 12 na zaidi kidogo. Katika muda huo hawakukaa wakipiga mihayo. Januari 1777 Prince Hall na wenzake walipeleka ombi kwa baraza la kutunga sheria la Massachusetts wakitaka utumwa ukomeshwe, na hati ilipokwisha kufika, loji haikuacha kazi hiyo. Mwezi Februari 1788, watu watatu Weusi wa Boston waliporubuniwa wakapandishwa melini na kupelekwa visiwa vya Karibiani kuuzwa, loji iliandika ombi kwa serikali, na mwezi Machi ikapitishwa sheria ya kuzuia biashara ya watumwa katika jimbo. Watu wale walirudishwa majira ya joto ya mwaka huo.

Sasa tazameni ratiba yetu ya majira haya. Mambo yake makubwa ni mawili, nayo ni yale yale, kutunza makaburi mwezi Mei na kuandamana mwezi Juni. Sikuipanga mimi hivyo, wala hakuna aliyeketi akaipanga. Tumeirithi.

Jumamosi tarehe 16 Mei tutakwenda Arlington, jirani na Boston, kufanya usafi kwenye eneo la makaburi linaloitwa Prince Hall Mystic Cemetery. Ardhi hiyo ilitolewa mwaka 1864 na William B. Kendall, aliyekuwa Mkuu wa Loji Kuu ya Prince Hall wakati huo, na makaburi yaliwekwa wakfu mwaka 1868. Baadaye yalisahauliwa, mtaa wa nyumba ukakua kuyazunguka, na leo ni kiwanja kidogo cha majani chenye kumbukumbu, ambacho mpita njia aliye na haraka atakipita asijue amepita wapi. Mwaka jana marehemu mzee wetu alikuja na mwiko wa fundi mwashi, akapiga magoti, akawa anakata majani kuzunguka jiwe kwa ncha ya mwiko ule, kidogo kidogo, ukingo ukanyooka kama uliopigwa uzi. Nilimwambia kwamba tunayo mashine ya kufyekea. Akanijibu kwamba mashine haimjui mtu. Waashi wanaojenga nyumba hutumia mwiko kupaka saruji inayoshika tofali na tofali, na sisi tunafundishwa kuutumia kwa upendo unaoshika mtu na mtu, lakini kabla ya siku ile sikuwa nimewahi kuuona ukifanya kazi hiyo mbele yangu kwa macho haya.

Jumapili tarehe 24 Mei, siku moja kabla ya siku ambayo Marekani huwakumbuka waliokufa vitani, tutapanda Copp's Hill, upande wa kaskazini wa mji, alipozikwa Prince Hall, aliyefariki mwezi Desemba 1807. Karibu na jiwe lake upo mnara uliosimamishwa mwaka 1895. Kilima ni cha mwinuko na wazee wetu watahitaji mkono wa kushikwa, kwa hiyo vijana wasitangulie mbele kupiga picha.

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji ni tarehe 24 Juni, nayo mwaka huu inaangukia Jumatano. Tutaandamana Jumapili ya tarehe 21 ili wanaofanya kazi waweze kuja, kisha ibada, kisha chakula. Tarehe 24 Juni ina uzito wake kwa Frimasoni wote, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1717 ndipo Loji Kuu ya kwanza ilipoundwa London. Kwetu ina uzito mwingine pia. Siku kama hiyo mwaka 1797 Prince Hall alisimama mbele ya ndugu zake huko Menotomy, mahali ambapo leo panaitwa Arlington, akazungumza waziwazi juu ya matusi ambayo watu Weusi walikuwa wakiyapata kila siku katika mitaa ya Boston, akawasihi wawe na subira, na akawakumbusha jinsi mambo yalivyogeuka katika visiwa vya Wafaransa vya Karibiani ambako watumwa walikuwa wamesimama wakajikomboa. Mwenye kusema subira baada ya kutaja hayo hakuwa akisema watu wanyamaze. Nadhani alikuwa akiwaambia wasivunjike.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Tarehe 29 Aprili jioni tutasoma habari za hati na za kufika kwake. Tarehe 2 Mei kamati itawahoji wanafunzi wa sekondari walioomba msaada wa karo ya chuo, na naomba familia zetu za Kiswahili zisione haya kuomba, kwa kuwa mwaka uliopita hakuna hata mtoto mmoja wa nyumba zetu aliyejaza fomu, ilhali ninawajua wanaostahili. Mjane wa mzee wetu anahitaji mtu wa kumwezekea paa la kibanda cha nyuma. Theluji mlimwondolea vizuri, kila mara, bila kuombwa, naye ameniagiza niwashukuru.

Lipo jambo moja ambalo nalisema kwa ajili ya jamaa zetu walioko nyumbani. Mama yangu mdogo alinipigia simu kutoka Tanga kabla ya Kwaresima, na baada ya shikamoo na marahaba alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba nilitoa kafara ili nipate kazi hapa. Sikumcheka, wala sikukasirika, maana ameyasikia kwa watu anaowaamini. Nilimweleza kwamba mwezi ule nilikuwa nimefanya mambo mawili katika Frimasoni, nimemzika mzee na nimeshika koleo la theluji uani kwa mjane wake. Marehemu Sir Andy Chande, mzaliwa wa Mombasa aliyefanya kazi kubwa Tanzania na aliyewahi kuongoza Frimasoni wa Afrika Mashariki, alijitokeza hadharani mara nyingi kujibu maswali kama hayo, na nadhani sisi tulio mbali tumekaa kimya kupita kiasi. Basi waambieni jamaa zenu, na hasa vijana, kwamba matangazo yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme na kutumwa kwenye simu yakiahidi utajiri kwa kujiunga na Frimasoni, kisha yakidai ada itumwe kwanza, ni ya matapeli. Hakuna loji inayotafuta watu kwa njia hiyo. Mtu ndiye huja mwenyewe kuomba, akajulikana kwanza, na hapewi ahadi ya fedha. Loji za Afrika Mashariki zilizo chini ya Uingereza ni ndugu zetu kamili, kwa kuwa Loji Kuu ya Uingereza iliitambua Loji Kuu ya Prince Hall ya Massachusetts mwezi Desemba 1994, miaka zaidi ya 200 baada ya ile hati kuvuka bahari.

Kwa kazi ya Arlington tutakutana penye kumbukumbu saa mbili asubuhi, na tukinyeshewa tutaahirisha hadi Jumamosi inayofuata, tarehe 23. Watoto waje, maana wao huokota takataka haraka kuliko sisi. Chai ya maziwa na maandazi vitakuwepo. Glavu za bustani ninazo jozi kumi. Mwiko wa mzee wetu mjane wake amenikabidhi niutunze, nami nitauleta siku hiyo. Aliye na magoti yenye nguvu kuliko yangu anijulishe mapema, ili nimwoneshe ukingo ulipoishia.

Heri ya Pasaka kwenu nyote na kwa nyumba zenu.

Ndugu yenu,
Katibu wa loji
Dorchester, Massachusetts