Andikeni majina ya vibarua kabla ya kuwapa karai

Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu vifo vya mjengo ambavyo gazeti halivisikii. Jengo zima likiporomoka, kama lile la ghorofa sita la Huruma hapa Nairobi usiku wa Aprili 29, 2016, viongozi humiminika na matamko yakatolewa. Wale wa Huruma walikuwa wapangaji, wako nyumbani kwao. Kibarua akidondoka peke yake kutoka ghorofa ya saba Kileleshwa au Pipeline, mara nyingi habari huishia kwenye lango la mabati.

Mimi ni fundi wa mbao, kazi yangu ni kufunga fomu za slabu, yaani mbao zinazomwagiwa zege la sakafu ya ghorofa, na hatari za kazi hii hazina siri. Ukingo wa slabu huachwa wazi bila hata kamba. Shimo la lifti hufunikwa kwa plaiwudi nyembamba, na aliyeanza kazi asubuhi hiyo hajui kuna nini chini yake. Anaikanyaga akiwa na karai la zege begani. Mitaro ya msingi huchimbwa ikampita mtu kimo, kuta zake hazijashikiliwa na chochote, na mvua ya Aprili haisubiri. Kinachonitisha zaidi ni fomani anayeng'oa mapema propu, zile nguzo za muda zinazoshikilia slabu mbichi, ili azipeleke ghorofa inayofuata. Zege hupimwa nguvu yake kamili siku ya 28, lakini propu za kukodi hulipiwa kila siku zinapolala pale. Hesabu hiyo ya pesa ndiyo huamua.

Wengi hudhani dawa ni helmeti. Helmeti zipo, ziko stoo, hutolewa mkaguzi akibisha hodi. Hata zikivaliwa, hazimzuii mtu kuanguka.

Sheria si mbaya. Ile ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri apime hatari za mahali pa kazi, aunde kamati ya usalama palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, na kifo kikitokea amjulishe afisa wa eneo ndani ya saa 24. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo inamlazimu awe na bima, na anayekufa kazini wategemezi wake wanastahili mapato ya miezi 96. Miaka minane ya mshahara! Ni wangapi kule mashambani waliozika kijana wa mjengo wakapewa jeneza na nauli ya matatu, wakashukuru?

Shida ni kwamba sheria hizi zote humwanzia mtu ambaye inajulikana yuko kazini. Kibarua wa Nairobi huchaguliwa langoni alfajiri na fundi, aliyepewa kazi na mkandarasi mdogo, naye alipewa na mkandarasi mkuu. Akiumia, kila mmoja anamsukumia mwenzake: huyo si wangu. Kamati nayo haiundwi, kwa sababu kwenye karatasi wafanyakazi ni tisa, ilhali juu ya slabu unaona umati.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Kabla mtu hajashika beleshi, aandikwe langoni: jina lake kamili, nambari ya kitambulisho, simu ya jamaa yake na jina la aliyemleta. Aliyeandikwa awe jukumu la mkandarasi mkuu, hata kama aliletwa na nani.

Najua watakachojibu: vibarua hubadilika kila siku, nani ataandika? Porojo. Jioni fomani huchomoa daftari mfukoni na hakosei hata shilingi kumi. Ila ndani yake mmeandikwa nini? "Mrefu", "Kijana wa Githurai", "Baba Shiro". Kwa jina kama hilo hakuna mjane atakayelipwa na bima yoyote.

Wakaguzi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi wakifika huanza na kibao cha nje chenye majina ya msanifu, mhandisi na mkandarasi. Waombe daftari ya leo kwanza, kisha wapande hadi juu wahesabu vichwa. Vichwa vikizidi majina, kazi isimame saa hiyo hiyo.

Fundi wa mbao,
Kayole, Nairobi