Harambee ya Wazimamoto wa Kujitolea, Vilima vya Irangi, Kondoa

Ndugu zetu wa hapa kijijini, na ninyi mlioko Dodoma mjini, Arusha, Dar es Salaam na kokote mlikofuata riziki: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Tuanze na katambuga. Ziko ofisi ya kijiji, juu ya kabati la mafaili, na atakayefika anaruhusiwa kuzishika. Soli imelainika ikajikunja kama ukoko wa ugali, mkanda mmoja umeungua. Mwenyewe ni kijana wa bodaboda hapa stendi. Oktoba iliyopita alipanda nazo mlimani saa 3 usiku, akashuka alfajiri anakanyagia visigino. Wiki mbili hakugusa pikipiki, na hakuna aliyemfidia hata siku moja, kwa sababu kuzima moto kwetu si ajira. Unasikia yowe, unatoka.

Wazimamoto wetu wako 23: vijana wa bodaboda, wakulima wa alizeti, warina asali watatu, mwalimu mmoja, na akina mama wanne wenye punda. Hao akina mama huwa tunawasahau kwenye kutaja. Punda mmoja hubeba madumu manne ya lita 20, na bila maji hayo yanayopandishwa gizani kwa njia ya mbuzi, wanaume wote wale wangebaki kupiga moto kwa matawi mabichi hadi wachoke.

Kazi yenyewe si kuukimbilia moto. Wanauzunguka, wanatangulia mbele yake, wanafyeka na kuparua nyasi mpaka udongo mwekundu uonekane, upana wa hatua tano sita, ili moto ukifika ukose cha kula. Hufanya hivyo usiku, upepo ukiwa umetulia. Mchana wa kiangazi moto unaopanda mlima humshinda mtu mwenye mbio. Kukicha wengine wanarudi nyumbani, wawili watatu wanabaki kukagua visiki. Gogo moja linaweza kufuka siku mbili, halafu upepo wa adhuhuri ukaliamsha.

Kuna atakayeuliza, Zimamoto je? Namba 114 tunaipiga, na tunaomba kila mtu aendelee kuipiga. Ila gari la maji halipandi korongo. Barabara inaishia pale kwenye mwembe.

Na kwa nini tuhangaikie nyasi? Vijana wetu wengine huuliza hivyo, basi wawaulize wazee. Vilima hivi vilikuwa vimechunika, makorongo yakimeza mashamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka, kilomita za mraba zipatazo 1,256. Watu waliswaga ng'ombe wao wakawapeleka mbali. Miti mnayoiona leo mkija likizo ililipiwa kwa ng'ombe. Nyasi ziliporudi, moto nao ukapata chakula: anayeandaa shamba akauacha bila mlinzi, mrina asali akaangusha kienge, tanuri la mkaa likapasuka. Mteremko ukiungua Oktoba, mvua ya Desemba inaukuta uchi, na udongo wote unashukia chemchemini. Dumu la maji ya tope mnalijua.

Tunahitaji buti pea 23, mabomba ya mgongoni 8 ya lita 16 (aina ile ya kupulizia dawa shambani, ila yawe mapya, yasiyowahi kutiwa dawa), tochi za kichwani 12, fyekeo, reki, glovu za ngozi na sanduku la huduma ya kwanza. Jumla ni shilingi 2,200,000. Kaya za hapa zimeshachanga 640,000, wengine kwa debe la alizeti. Zimebaki 1,560,000.

Anayependa kuleta vitu badala ya fedha, karibu, lakini buti ziwe za ngozi. Gambuti msilete, zinayeyukia mguuni. Hata zile fulana za mpira wa miguu za nailoni, pamoja na upendo wenu wote, hapana. Shati kuukuu la pamba lina kazi kuliko hizo.

Tunajua kuna mchango mwingine miaka ya nyuma uliishia kwenye maneno, na mnaoguna mna haki ya kuguna. Safari hii mweka hazina anaandika stakabadhi hata kwa shilingi elfu moja, na karatasi za manunuzi zitabandikwa ubao wa ofisi ya kijiji, kila mtu asome mwenyewe.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya Agosti, uwanja wa shule ya msingi, saa 4 asubuhi, kabla upepo haujaanza vurugu zake. Chai ipo. Mbuzi wawili na jogoo mmoja wameshaahidiwa kwa ajili ya mnada. Na zile katambuga tutazinadi pia; mwenyewe amekubali, mradi atakayezinunua asimwombe azivae tena.