Barua kwa Mwanangu Kuhusu Hesabu za Kichwa

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na masomo yakiendelea vema. Tangu uliporudi shuleni nimekuwa nikilifikiria swali uliloniuliza usiku wa mwisho wa likizo, ambalo sikulijibu ipasavyo kwa sababu nilikuwa nimechoka nawe ulikuwa unafunga sanduku lako. Uliniuliza kwa nini ujisumbue kukariri jedwali la kuzidisha na kukokotoa kichwani ilhali kila simu ina kikokotoo. Swali hilo lilistahili jibu la makini, na leo nimepata nafasi ya kukaa na kuliandika.

Nitaanza na daftari lako mwenyewe. Siku ile ulitakiwa kuzidisha 398 kwa 21, ukaandika 83,580. Nilipokuuliza kama una hakika, ulinijibu kwamba kikokotoo ndicho kilichosema hivyo. Baadaye nililirudia zoezi hilo nikatambua kilichotokea: ulikuwa umebonyeza 210 mahali pa 21, na kikokotoo kikakupa jibu sahihi kabisa la swali ambalo hukuulizwa. Kuteleza kwa kidole hakukunisikitisha, maana vidole vya watu wote huteleza. Nilisikitika kuona kwamba uliitazama namba 83,580 na moyo wako haukushtuka hata kidogo. Mtu aliyezoea hesabu za kichwa huona mara moja kwamba 398 inakaribia 400, kwamba 400 mara 20 ni 8,000, na kwamba jibu haliwezi kwenda mbali na elfu nane. Kisha, akitaka jibu kamili, huchukua 400 mara 21, ambayo ni 8,400, akaondoa 21 mara mbili, akabaki na 8,358. Kazi yote hiyo haichukui muda mrefu kuliko kuitafuta simu ilipo.

Mshtuko huo ndio ninaotaka uwe nao. Kikokotoo hakiwezi kukupa, kwa sababu hakijui ulikusudia nini. Kinajua tu ulichobonyeza. Tena vikokotoo vyenyewe havikubaliani nyakati zote. Ukichukua kile kidogo cha kawaida ukabonyeza 2, kujumlisha, 3, kuzidisha, 4, kitakuletea 20, kwa kuwa kinafanya kila tendo papo hapo kadiri unavyobonyeza. Ukibonyeza vivyo hivyo kwenye kikokotoo cha kisayansi, utapata 14, kwa kuwa hicho kinafuata MAGAZIJUTO uliyofundishwa darasani, kuzidisha kukitangulia kujumlisha. Vyombo viwili, vitufe vilevile, majibu mawili, na hakuna hata kimoja kilichoharibika. Ni nani atakayeamua lipi ni jibu la swali lako, ikiwa wewe mwenyewe huna pa kulipimia?

Nikueleze jambo lililonipata mimi, ambalo sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa kijana nilichukua mkopo wenye riba ya asilimia 2 kwa mwezi, na riba ambayo haikulipwa ilikuwa ikiongezwa kwenye deni, kisha mwezi uliofuata riba ikatozwa juu ya jumla hiyo mpya. Niliposikia asilimia 2 niliona ni namba ndogo, nikatia sahihi. Kwa miezi mingi sikulipa chochote, nikiamini kwamba deni lilikuwa likitambaa polepole. Ipo kanuni nyepesi ambayo mtawa wa Italia aitwaye Luca Pacioli aliiandika tangu mwaka 1494: ukigawanya 72 kwa asilimia ya riba, unapata makadirio ya muda ambao deni litachukua kufikia maradufu. Kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, 72 gawanya kwa 2 ni 36. Miaka mitatu tu, na ulichokopa kimekuwa mara mbili! Mimi niliijua kanuni hiyo nikiwa nimekwisha kuumia.

Naomba uzingatie hapa, mwanangu, kwa sababu ndipo penye kiini cha jibu langu. Siku niliyotia sahihi nilikuwa na kikokotoo ndani ya mkoba wangu, nacho kilikuwa kizima. Sikukitoa kwa sababu hakuna kilichonifanya nishuku. Mtu hukimbilia kikokotoo baada ya kuhisi kwamba kuna jambo la kukokotolewa, na hisia hiyo huzaliwa kichwani, kwa mtu ambaye namba zimekuwa wenzake wa kila siku. Asiye na mazoezi hayo hupita mbele ya hesabu kumi kwa siku bila kujua kwamba ni hesabu.

Usidhani kwamba nakutaka uwe kama Shakuntala Devi, mwanamke wa India ambaye mwaka 1980, huko London, alizidisha kichwani namba mbili zenye tarakimu 13 kila moja na kutoa jibu sahihi kwa sekunde 28. Kipaji cha namna ile ni cha wachache. Wala sikukatazi kikokotoo. Kipeo cha pili cha namba ngumu, hesabu za pembe, safu ndefu za takwimu: hizo zikabidhi mashine bila kuona haya. Blaise Pascal wa Ufaransa alipoanza kuunda mashine yake ya kujumlisha mwaka 1642, kabla hajatimiza miaka 20, alikusudia kumpunguzia baba yake mzigo wa hesabu za kodi. Baba huyo alikuwa akijua kukokotoa. Mashine ilikuja kuupumzisha mkono uliokwisha kujifunza kazi.

Huenda utasema kwamba hesabu za kichwa ni ngumu. Zinakuwa ngumu pale unapojaribu kuandika hewani yale unayoandika kwenye karatasi, ukianza na mamoja na kubeba namba kwenda makumi, hadi akili inachoka kushikilia vipande vyote. Kichwani tunaanza upande wa pili, kwenye namba kubwa. Na lugha yetu yenyewe imekwisha kutuvunjia kazi hiyo, jambo ambalo nalipenda sana na ambalo watu wengi hawalitambui. Tunaposema kumi na nne tumekwisha kuitenga 14 kuwa 10 na 4. Basi ukiulizwa 14 mara 6, sikiliza jina la namba: kumi mara sita ni sitini, nne mara sita ni ishirini na nne, jumla themanini na nne. Thelathini na nne mara saba? Mia mbili na kumi, kisha ishirini na nane, yaani 238. Ukiijua orodha ya kuzidisha hadi kumi, sikio lako litafanya nusu ya kazi. Ndiyo maana nilikusumbua kuikariri ulipokuwa mdogo. Orodha ile ikikosekana, njia hii yote inakwama katika hatua ya kwanza.

Zipo njia nyingine nyingi, nami naona raha yake iko katika kuzigundua mwenyewe. Nitakupa moja tu, ambayo ilinifurahisha nilipoielewa: asilimia 16 ya 25 ni sawa na asilimia 25 ya 16. Ya kwanza inatisha kidogo. Ya pili ni robo ya 16, yaani 4. Jiulize kwa nini zinalingana.

Ombi langu kwako ni dogo. Kila unapotaka kutumia kikokotoo, kwanza andika kwa penseli, pembeni mwa ukurasa, makadirio yako ya jibu. Usihangaike kuyafanya yawe kamili; yatosha ukijua kama jibu ni la mamia au la maelfu, na kama linaanzia karibu na mbili au karibu na tisa. Ndipo ubonyeze. Yakipishana kwa mbali, usikimbilie kuyafuta makadirio yako, kwa maana mara nyingine utakuta kwamba wewe ndiye uliyekuwa sahihi na kidole ndicho kilichokosea. Mwanzoni utachelewa kuliko wenzako. Vumilia majuma machache, na usimwonee aibu mtu yeyote atakayekuuliza unaandika nini pembeni.

Utakaponijibu, niandikie jinsi ulivyoipata 25 mara 36 bila karatasi wala simu. Mimi nimeipata kwa njia mbili, na ningependa kujua kama wewe utapita katika mojawapo ya hizo au utaniletea ya tatu.

Wako akupendaye,
Mama