Barua kwa Mwanaidi kuhusu maji ya mapafuni

Tanga

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Barua yako imenifikia, na kwa kuwa umeniuliza kama rafiki na pia kama muuguzi, nianze na lile linalowagombanisha nyumbani. Kwa maelezo ya daktari uliyoninukulia, maji yaliyoingia katika mapafu ya mdogo wako baada ya kuanguka kifafa hayakutoka kwenye kikombe cha maji alichomnywesha shangazi, wala si kifua kikuu kama jirani anavyodai. Yametoka katika damu yake mwenyewe.

Kifafa kinachotikisa mwili mzima, hasa kikichukua dakika nyingi, huzichochea neva zinazotawala mishipa ya damu, na adrenalini, yaani homoni ya mshtuko, humwagika katika damu kwa wingi usio wa kawaida. Mishipa ya mwili hujibana, damu husukumwa kwa ghafla kuelekea mapafuni, na shinikizo katika mishipa midogo ya huko hupanda kuliko kuta zake zinavyoweza kuhimili. Wewe umekamua nazi tangu utotoni: kifumbu kikibanwa kwa nguvu, tui hupenya. Ndivyo majimaji ya damu yanavyopenya na kujaza vifuko vya hewa, yakiwa na chembe nyekundu kidogo, na ndiyo sababu povu alilokohoa lilikuwa la rangi ya waridi. Povu hilo, tafadhali waambie wote, haliambukizi kifafa. Linanihuzunisha sana jambo hili la watu kumkimbia mgonjwa kwa kuogopa mate yake.

Matabibu wamelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1908 daktari Shanahan wa Marekani aliandika kuhusu wagonjwa wa kifafa waliojaa maji mapafuni baada ya kuanguka. Hata hivyo bado hukosewa kwa urahisi, kwa maana hufanana na nimonia ya mtu aliyepaliwa na matapishi, na pia na moyo ulioshindwa kazi. Kwa mdogo wako, picha ya kifua ilionyesha weupe pande zote mbili, moyo ni wa ukubwa wa kawaida, na shida ya kupumua ilianza muda mfupi tu baada ya kuanguka, bila homa. Siku zijazo zitathibitisha zaidi: maji ya aina hii kwa kawaida hukauka ndani ya siku mbili au tatu, ilhali nimonia hukawia na mara nyingi huja na homa.

Umelalamika kwamba hakupewa dawa ya kukojoza. Mimi sioni kosa hapo. Mwili wake haukuwa na maji ya ziada, bali maji yamehama mahali pake, na kumkausha mgonjwa ambaye shinikizo la damu limeshuka kunaweza kumdhuru. Anachohitaji ni oksijeni, uangalizi wa karibu, na kifafa kuzuiwa kisirudi. Wachache huzidiwa hata wakahitaji mashine ya kuwasukumia hewa.

Ila shangazi asichukue maelezo haya kuwa ruhusa. Mtu aliye katika kifafa hapewi maji wala kuwekewa kijiko mdomoni. Alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, na saa iangaliwe. Kikipita dakika tano, au akizinduka huku anahema kwa shida na midomo imebadilika rangi, apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ile sentensi uliyoipitisha haraka, kwamba fenobabitoni, vidonge vyake vya kuzuia kifafa, vilikuwa vimemwishia. Dawa hiyo ikikatizwa ghafla huweza yenyewe kuleta kifafa kikali cha namna hii. Kabla hajaruhusiwa, muulize daktari dozi yake mpya ni ipi na wapi mtapata vidonge iwapo zahanati yenu haina, kisha uniandikie jibu lake.

Rafiki yako,
Rehema