Mbu hazoei dawa: barua kwa Neema

Rafiki yangu Neema,

Salaam sana. Swali la wanafunzi wako wa Kidato cha Nne, kwa nini mbu wamezoea dawa ya chandarua, linafundisha mabadiliko ya viumbe vizuri kuliko mifano yote ya twiga iliyomo vitabuni. Tatizo ni picha waliyo nayo: mbu anagusa chandarua, anaugua kidogo, anapona, kesho anarudi akiwa amekomaa. Haiko hivyo. Mbu jike wa Anofelesi, jamii inayoeneza malaria, huishi wiki chache tu, na jeni alizozaliwa nazo ndizo atakazokufa nazo. Kinachobadilika ni kundi zima, kizazi hadi kizazi, kwa sababu wanaozaa leo si sampuli ya haki ya waliokuwepo jana.

Anza na tofauti, maana bila tofauti uteuzi asilia, yaani mazingira kuchuja nani abaki na kuzaa, hauna cha kuteua. Pairethroidi, dawa iliyomo kwenye vyandarua vya kawaida, hushambulia neva. Kwenye utando wa seli ya neva kuna mlango wa protini unaopitisha sodiamu. Ukifunguka na kufunga, taarifa hupita. Dawa huushikilia ukiwa wazi, neva inapiga mfululizo, na mbu anaanguka chali huku miguu ikitetemeka. Katika protini hiyo, nafasi ya 1014 hukaliwa na lusini, moja ya asidi amino zinazojenga protini. DNA ikinakiliwa vibaya, asidi amino nyingine, serini, ikakaa hapo, dawa haishiki sawasawa. Badiliko hilo la serini liliripotiwa kwa mbu wa Kenya mwaka 2000. Afrika Magharibi lilikuwa limeshaonekana jingine, la asidi amino iitwayo fenilalanini. Sisitiza darasani kwamba kosa la kunakili halitokei kwa sababu mbu analihitaji. Hutokea ovyo, kukiwa na dawa au isiwepo. Dawa huamua tu nani abaki.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapoachia njiani. Chukua mbu 10,000, aleli ya usugu (aleli ni toleo moja la jeni, na kila mbu ana nakala mbili) ikiwa 1% ya aleli zote. Wakipandana ovyo, utapata takribani 9,801 wasio nayo kabisa, 198 wenye nakala moja, na 1 mwenye nakala mbili. Tuseme dawa inaacha hai 20% ya wasio na usugu na 80% ya wenye usugu. (Viwango hivi nimevibuni kwa ajili ya zoezi, waambie hivyo.) Mwenye nakala moja akifa kama wale wasio na usugu, aleli inapanda kutoka 1% hadi 1.03%, yaani haionekani. Akipona kama mwenye nakala mbili, inaruka hadi 3.8% kwa kizazi kimoja, kisha 12%, 29%, na kufikia 47% kizazi cha nne. Yai hadi mbu kamili ni siku 7 hadi 14 kwenye joto letu, kwa hiyo vizazi vinne havifiki hata mwaka. Porini huenda polepole zaidi, kwa kuwa si kila mbu anakutana na chandarua.

Na nini kinachomfanya mwenye nakala moja apone? Mara nyingi ni dozi. Chandarua kipya kinaweza kumuua. Kilichofuliwa mara nyingi kwa sabuni kali na kuanikwa juani kimebakiwa na dawa kidogo, inayowaua wasio na usugu na kumwacha yeye. Kwa maoni yangu hapa ndipo pa kutumia kipindi kizima, maana wanafunzi wanaona kwamba aleli ileile moja inaweza kupanda taratibu au kwa kasi, kutegemea mazingira yanayoichuja.

Umeuliza pia usugu hupimwaje. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni cha mirija. Mbu majike wa siku 3 hadi 5 ambao hawajanyonya damu hugawanywa 25 kwa mrija: mirija minne yenye karatasi ya dawa (pamethrini, aina ya pairethroidi, huwa 0.75%) na miwili yenye karatasi ya mafuta matupu. Hukaa humo saa moja, huhamishiwa mirija safi yenye pamba iliyoloweshwa maji ya sukari ya 10%, kisha wafu huhesabiwa baada ya saa 24. Wakifa 98% au zaidi, dawa bado inafanya kazi; chini ya 90%, usugu umethibitika; katikati, rudia.

Panapoharibika ni kabla ya kuhesabu. Ukichota viluwiluwi kwenye dimbwi moja, huenda wote ni ndugu, na jibu litahusu familia moja wala si kundi. Ukitumia mbu wazee hufa kirahisi, usugu unafichika. Walioshiba damu hustahimili zaidi, usugu unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Vifo kwenye mirija ya mafuta vikizidi 20%, tupa jaribio lote. Halafu spishi: Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hazitofautishwi kwa macho, mpaka DNA ipimwe. Sehemu nyingi za Kenya na Tanzania, vyandarua vilipoenea, gambiae walipungua na arabiensis wakabaki wengi. Usipotenganisha spishi utadhani kundi moja limebadilika, kumbe umehesabu makundi mawili.

Kuna njia ya pili ya usugu, nayo ndiyo inayonivutia zaidi. Baadhi ya mbu hutengeneza kwa wingi vimeng'enya vinavyoivunjavunja pairethroidi kabla haijafika kwenye neva. Ndiyo maana kuna vyandarua vilivyoongezewa PBO, kemikali inayozima vimeng'enya hivyo. Jaribio la Muleba, Kagera, lililochapishwa 2018, lilionyesha vinawakinga watoto kuliko vya kawaida. Kisha kuna dawa nyingine, klofenapiri. Hii ikiingia mwilini bado haina makali. Vimeng'enya vilevile ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu inayokatiza uzalishaji wa nishati ndani ya seli. Silaha ya mbu dhidi ya pairethroidi inamgeukia mwenyewe! Huko Misungwi, Mwanza, matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha vyandarua vyenye klofenapiri na pairethroidi vimepunguza malaria kwa watoto kwa miaka miwili. Ila huua polepole, kwa hiyo hesabu ya saa 24 itakudanganya. Subiri hadi saa 72.

Mwanafunzi atakuuliza kama mbu watapata usugu dhidi ya klofenapiri pia. Jibu ni kwamba hakuna kinachozuia, mradi tofauti ya kurithiwa ipo kwenye kundi na dawa inaendelea kuchuja. Atauliza pia kama tukiacha dawa usugu utaondoka. Mara nyingine hupungua, kwa kuwa badiliko linalomlinda mbu dhidi ya dawa linaweza kumgharimu pale dawa isipokuwepo. Lakini kama gharama ni ndogo, aleli inaweza kukaa miaka na miaka.

Hesabu ya vizazi wafanye wenyewe kwa kikokotoo, kuanzia 1%, na wabadilishe 80% iwe 40% waone mstari unavyolala. Ukikwama kwenye fomula niandikie.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Zuhura