Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Turuhusu tulipe kila mwezi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Likoni, Mombasa. Najua una shughuli nyingi, hasa za kutangaza idadi ya Wakenya waliojisajili SHA, bima ya afya ya serikali. Mimi ni mmoja wao. Kujisajili hakukunishinda. Kilichonishinda ni kulipa mwaka mzima kwa mpigo.

Mimi ni fundi cherehani. Januari kuna sare za shule, kisha kazi hulala mpaka Idi ikaribie. Juzi mwanangu alilazwa kwa nimonia. Dirishani karani akatazama kompyuta: "Mama, ya mwaka haijalipwa." Nikamuuliza kama naweza kulipa ya mwezi huu. Akacheka, wala si kwa ubaya. Ovaloki yangu, mashine ya kumalizia pindo, sasa iko kwa jirani aliyenikopesha kama rehani.

Enzi za NHIF, bima iliyotangulia SHA, sisi tusio na mwajiri tulilipa shilingi 500 kila mwezi. Leo mnasema kiwango cha chini ni 300. Alhamdulillahi! Ila mnazitaka zote 3,600 pamoja, na hizo ni za aliyekadiriwa kipato cha chini kabisa, baada ya kuulizwa paa, choo na mifugo. Mabati yangu aliyaezeka marehemu baba, Mheshimiwa. Hayanilipi mshahara.

Binamu yangu mwalimu naye ana lake. Anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara bila kikomo, ilhali NHIF iliishia shilingi 1,700 kwa mwezi, na mwajiri hachangii hata ndururu. Ujerumani mwajiri na mwajiriwa hugawana mchango wa bima. Ghana wameweka ushuru wa asilimia 2.5 wa bima ya afya juu ya bidhaa, na walio chini ya miaka 18 hawalipi mchango. Mimi nalipa VAT kwenye kila zipu na kila kigurudumu cha uzi, inakwenda wapi?

Nadhani mliogopa tutalipa tukiugua tu, kisha tupotee. Sawa. Lakini mwenye mshahara anakatwa kila mwezi, mimi nisiye na mshahara ndiye wa kutoa ya mwaka? Mmeleta Lipa SHA Pole Pole, ahsanteni, ila huo ni mkopo na madeni ninayo tayari.

Mlituahidi matibabu bila kuuza mali. Basi turuhusuni tulipe kila mwezi. Kama kizuizi ni sheria, ipelekeni Bungeni. Kama ni kanuni, kalamu iko mezani kwako. Kila mwezi, Mheshimiwa, hilo tu.

Wako mtiifu, bado,
Fundi wa Likoni