Povu la mtoto mchanga si kosa la mama

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako tangu nikiwa kazini, na kwa miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja. Nilipostaafu ukunga nilidhani nimeshasema ya kutosha wodini. Lakini ile habari ya mtoto mchanga aliyepaliwa na maziwa, yenye kichwa kinachosema mama alimlisha vibaya, imeninyima usingizi siku ya nne sasa. Mwandishi wenu kamhoji balozi wa nyumba kumi, kamhoji jirani, kamhoji na mzee anayesema mtoto angekatwa kimeo angepona. Mkunga hakuulizwa hata mmoja.

Na humo humo, katikati ya habari, mmeandika kwamba mtoto alikuwa anatoa povu mdomoni tangu azaliwe. Mkaliandika, mkalipita.

Mtoto anayetoa povu, ukifuta linarudi, ukifuta linarudi, huyo hamezi mate yake. Siwezi kuapa kwamba yule wenu alikuwa nalo tatizo ninalolisema, maana sikumwona. Ila kuna watoto wanaozaliwa umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umekatika: kipande cha juu kimeziba kama mfuko, na cha chini, kwa takriban watoto 85 kati ya kila 100 wenye kasoro hiyo, kimetobokea kwenye bomba la pumzi. Tundu hilo nalo huitwa fistula. Najua kwetu mtu akisikia fistula anamfikiria mama anayevuja mkojo baada ya uzazi pingamizi. Jina ni lile lile kwa sababu njia mbili zisizopaswa kukutana zimekutana. Maziwa yakijaa kwenye ule mfuko wa juu hufurika yakaingia mapafuni, na tindikali ya tumbo hupanda kupitia tundu la chini. Mama akae, alale, amshike mtoto namna yoyote ile, mtoto atapaliwa.

Mwaka 2009 binti yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza. Mimi nilikuwa zamu Kasulu, yeye alijifungulia hospitali nyingine ambayo sitaitaja. Mimba ilikuwa kubwa mno, maji ya uzazi mengi, watu wakamwambia ana mapacha. Maji mengi namna ile ni dalili, kwa sababu mtoto tumboni hunywa yale maji, na asipoweza kumeza yanazidi. Hakuna aliyeliandika hilo kwenye kadi. Mtoto akazaliwa, akalia vizuri, na povu jeupe likaanza. Binti yangu akawa analipangusa kwa pindo la khanga. Akaambiwa ni makamasi ya uzazi, mnyonyeshe. Akanyonya mara mbili, akakohoa, maziwa yakatoka puani, midomo ikawa rangi ya zambarau. Wakamsafisha, wakamwambia mama ajaribu tena. Akajaribu tena. Usiku ule walijaribu mara tano, na kila mara binti yangu alikuwa anaambiwa hajui kumshika mtoto. Mimi nilifika saa nne asubuhi. Nikaomba mpira wa kulishia namba 10, nikaupitisha mdomoni taratibu, ukafika sentimita 10 ukagota. Nikausukuma kidogo, ncha ikageuka ikarudi mdomoni. Mikono yangu ilikuwa imefanya kazi hiyo miaka ishirini na kitu, na siku hiyo ilitetemeka. Picha ya kifua ilionyesha mpira umejikunja juu, chini ya shingo, na tumbo limejaa hewa. Hewa ile ndiyo inayokuambia kwamba tundu lipo, maana kama umio umeziba na hakuna tundu, hewa ingefikaje tumboni? Tukapewa rufaa. Gari lilikuwepo, mafuta hayakuwepo, tulichanga. Nilimbeba kichwa kikiwa juu, sindano tupu mkononi, nikimvuta mate kila baada ya dakika chache, vumbi la Kibondo hadi Nyakanazi likiingia dirishani. Daktari wa upasuaji aliposikiliza kifua hakunificha: mapafu yalikuwa yameshajaa maziwa. Mtoto alifariki siku ya sita, kabla ya kupasuliwa. Binti yangu hadi leo anaamini ni yeye aliyemuua kwa ziwa lake, na kichwa chenu cha habari kimemrudisha pale pale.

Si ugonjwa wa kukatia tamaa. Daktari Cameron Haight kule Michigan, Marekani, aliunganisha umio wa mtoto wa namna hii mwaka 1941 na mtoto akaishi. Hufunguliwa kifua upande wa kulia, katikati ya mbavu, tundu likafungwa, ncha mbili zikashonwa pamoja. Hospitali zenye vifaa leo huokoa zaidi ya 90 kati ya 100. Hapa mtaani kwetu yupo kijana mmoja mwenye kovu chini ya kwapa la kulia. Hula ugali kwa matonge madogo, akishushia maji, na kikohozi chake ni kama kubweka. Anacheza mpira. Yeye alibahatika kwa kuwa mkunga wake hakumpa chochote mdomoni: alimlaza kichwa juu, akamvuta mate, akamtundikia dripu, akamfunika apate joto, akaandika rufaa siku ile ile.

Na huyo mzee wa kimeo! Mmempa aya mbili nzima. Upo umio mzima kabisa ulio na kitundu chembamba tu pembeni kinachoingia kwenye bomba la pumzi. Mtoto wa hivyo hukaa miezi, hata miaka, kila akinywa anakohoa, kichomi hakimwishi. Hao ndio wanaopelekwa kukatwa kimeo. Nimewapokea wakitoka damu, koo limeoza, na kikohozi kiko pale pale, maana kimeo hakina kosa. Nimewapokea pia waliong'olewa kwa spoku ya baiskeli yale yanayoitwa meno ya nailoni, wakati kilichokuwepo ni fizi ya kawaida. Mkikichapa kitu kama hicho kama tiba, kesho kuna bibi kule Buhingu atapanda boti na mjukuu kumtafuta huyo mzee.

Sasa ombi langu. Vitabu vinasema kasoro hii humpata mtoto 1 kati ya 2,500 hadi 4,500. Wodi inayozalisha watoto 10 kwa siku itampata kama mmoja kila mwaka. Kila wodi ya wazazi itundike ukutani, juu ya mzani wa watoto, mpira mmoja wa mfano wenye alama nyekundu kwenye sentimita ya 10. Mtoto akitoa povu lisilokwisha, asinyonye kwanza. Ufunguliwe mpira mpya, upimwe na ule wa ukutani, upitishwe. Ukigotea kwenye alama, mkunga aombe picha ya kifua na aanze kuandika rufaa. Nanyi mchapishe picha ya mpira uliojikunja kifuani, kubwa, kwenye ukurasa ule ule mlioweka picha ya yule mama.

Mpira wa mfano ninao. Alama nimeiweka kwa rangi ya kucha. Mwandishi wenu akitaka kuupiga picha, aje Ujiji asubuhi yoyote isipokuwa Ijumaa.

Mkunga mstaafu,
Ujiji, Kigoma